Herufi Saba

Bi Mazoya wa Kizota kaniletea karatasi
iliyokunjwa mara nne kama hirizi.
"Hicho Kiingereza kitoe, uweke Kiswahili.
Mpwa wangu ndiye kaandika.
Kibao cheupe, herufi nyekundu,
na vumbi la Dodoma lisizimeze kabla ya Pasaka."
Nikasoma: magari hapa ni ya patroni,
patroni tu.

Nikaweka brashi chini.

Maana patroni mimi namjua.
Alikaa chumba cha mwisho, bweni la pili, Mvumi:
Mwalimu Senyagwa, na tochi ya betri tatu.
Makatambuga yake yakilia kwenye kokoto
hata mwenye kikohozi alikimeza.
Alituhesabu usiku kama mbuzi wa kuazima.
Nilipochemka homa
alinifunika blanketi lake lenye harufu ya ugoro,
akakaa juu ya sanduku langu mpaka majogoo.
Asubuhi akanichapa kwa kuchelewa mstarini.
Huyo ndiye patroni.
Gari hakuwa nalo. Alikuwa na baiskeli isiyo na madigadi.
Sasa uwanja wote huu wa changarawe,
nafasi kumi na mbili zilizopigwa chokaa,
kwa baiskeli moja?

Na siku ya ndoa yangu patroni alikuwa Yonata, fundi cherehani.
Alishika pete, akanifuta jasho,
na jibu liliponikwama mbele ya mchungaji
akaninong'oneza: kohoa kwanza.

Timu yetu ya Chang'ombe nayo inaye.
Alikuja mara moja, kupigwa picha na mpira.
Mpira akaondoka nao.

Jioni nikampa karatasi binti yangu, Mbeleje.
Akafungua kamusi, kidole kikishuka:
mlezi, mfadhili, msimamizi...
"Halafu baba, chini kabisa: mteja,
hasa yule aliyezoea mahali."
Nikamwambia asome tena.
Akasoma tena.

Neno gani hili linalokaa pande mbili za kaunta,
linalolea na kulishwa kwa mkono uleule?
Sisi mlezi tunampa kiti cha mbele na maji ya chupa.
Mteja ni yule ambaye sauti ya simuni
inatuapia kwamba hapatikani kwa sasa.
Mteja, kule kwenye gofu nyuma ya stendi,
ni kijana anayesinzia wima,
unga umemkopa mwili na haurudishi.

Kesho yake saa saba nilikuwa Makole, kwa Mama Chidawali.
"Mteja wangu," akasema, kama siku zote,
akanisogezea ugali wa uwele na mlenda.
Mwaka zilipoingia mjini mashine za kuchapa mabango
brashi zangu zikakauka kama mifupa ya kuku.
Mama huyu aliandika jina langu kurasa tatu za daftari,
hakuniuliza hata siku moja.
Leo anasema bila mimi sufuria lake lisingechemka.
Bila yeye, mimi ningekuwa wapi?
Nikainua tonge. Mlenda ukavutika
toka bakulini mpaka mdomoni,
haukatiki,
hujui upande upi umeanzia.

Nikarudi Kizota nikamaliza kazi:
MAEGESHO NI YA WATEJA.
Nalipwa kwa herufi, mia tano kila moja.
Patroni ni saba, wateja sita.
Nimejipunja mia tano, basi.

Bi Mazoya akatoka, akakitazama kibao, akaridhika.
"Pesa njoo Ijumaa," akasema. "Mauzo bado."
Ijumaa ipi, hakutaja.
Kumbe nami nimekuwa mfadhili wa baa.

Rangi nyekundu ilibaki kidogo kwenye kopo.
Pembeni, chini, pasipolipiwa,
nikachora baiskeli ndogo, haina madigadi.
"Na hiyo ni nini?"
Nikafuta brashi kwenye suruali.
"Hiyo, mama, iache hapo. Ina mwenyewe."